Akina Mama wa Nyuma ya Kanisa

Kanisani Maramba, benchi la kwanza upande wa kushoto lilikuwa la mke wa mchungaji. Halikuandikwa jina wala hapakuwa na sheria, lakini siku Yudith alipofika usharikani na mumewe, Mchungaji Fanueli, wakiwa bado na vumbi la safari kutoka Lushoto, mama mmoja mtu mzima alimshika mkono mlangoni, akampitisha katikati ya watu wote na kumketisha pale mbele kama anayeketisha bibi harusi. Huyo alikuwa Mama Consolata, mwenyekiti wa akina mama.

"Hapa ndipo pako," alimwambia. "Aliyekutangulia alikaa hapa, na aliyemtangulia yeye vilevile."

Wakati ule Yudith alikuwa na mtoto mmoja, Amosi, naye Amosi alikuwa mchanga wa kulala tu. Benchi halikumsumbua. Kisha akaja Yunesi, na baada ya Yunesi akaja Tito, na ibada ambazo zamani zilikuwa fupi zikaanza kuwa ndefu.

Ukikaa benchi lile, nyuma yako kuna macho ya usharika mzima, mbele yako kuna madhabahu, na hakuna hata kisogo cha mtu cha kujifichia. Amosi, aliyekuwa na miaka sita, alipenda kuteleza chini ya benchi na kutokea miguuni mwa wazee wa kanisa. Yunesi alikuwa anakaribia mitatu na alikuwa hajajua kunong'ona; kila alichokiona alikitangaza. Tito alikuwa wa kunyonya, na alilitaka ziwa pale pale kwaya inaponyamaza.

Yudith alijifunza mengi pale. Alijifunza kwamba karanga huanguka zikabingirika hadi kwenye ngazi za madhabahu, na kwamba biskuti zina karatasi inayolia, lakini muhogo wa kuchemsha hauna sauti, basi alibeba muhogo kila Jumapili, umefungwa kwenye kitambaa. Alijifunza kumfinya Amosi pajani huku mdomo wake ukiendelea kuimba. Alijifunza kutogeuka nyuma hata anaposikia watu wakiguna.

Kitu kimoja tu hakukizoea. Fanueli alikuwa na desturi yake: akishavaa kanzu na stola, ule utepe wa shingoni, hamwangalii mkewe wala watoto. Alikuwa amemweleza mapema, kwa upole wake wa siku zote.

"Mama Amosi, nikiwaangalia ninyi nitapotea. Yunesi akicheka na mimi nitacheka, akilia nitasahau nilikuwa ninasema nini. Acheni niwe kama hampo."

Kuelewa alielewa. Kilichomlemea ni kukaa pale Jumapili kwa Jumapili, karibu kiasi cha kuona jasho kwenye paji la uso wa mumewe, na macho ya mumewe yapite juu yake kama yanavyopita juu ya ukuta.

Sasa ikaja Jumapili moja ya Chakula cha Bwana. Joto lilikuwa kali, mvua za vuli zilikuwa zimekawia, na mabati ya kanisa yalikuwa yakilia kwa jua. Fanueli alikuwa amesimama madhabahuni, mikono ameiinua, kanisa lote limetulia. Yudith alikuwa na Tito kwenye ziwa chini ya kanga, na Amosi amemlalia upande. Hakumwona Yunesi akiondoka. Alimwona alipokwisha kupanda ngazi ya kwanza.

"Baba," alisema Yunesi.

Fanueli hakugeuka. Aliendelea na maneno ya liturgia.

"Baba, mkojo."

Nyuma mtu akacheka, kisha akakikatisha kicheko chake. Yudith alijaribu kusimama, Tito akang'ang'ania ziwa na kupiga ukelele. Mwinjilisti aliyekuwa akisaidia ibada alimtupia jicho mchungaji, kama mtu anayeomba ruhusa, lakini mchungaji hakumwangalia naye pia. Yunesi alimvuta baba yake kanzu. Alimwita mara nyingine, safari hii kwa sauti ndogo, sauti ambayo Yudith hakuwahi kumsikia nayo. Kisha akajikojolea pale pale, kwenye ngazi, mbele ya mkate na divai.

Mama Consolata ndiye aliyempeleka nje, akarudi na kitambaa kupiga deki. Ibada iliendelea, watu wakashiriki wakiruka lile doa la maji.

Jioni yake Mzee Zabron, mzee wa kanisa wa siku nyingi aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuja nyumbani kwa mchungaji. Yudith alimwamkia shikamoo, akamletea chai, akaondoka sebuleni kama inavyotakiwa. Lakini nyumba ile ilikuwa na kuta zisizofika juu, na mzee mwenyewe alizungumza kwa sauti ya darasani.

"Mchungaji, mimi nina wajukuu, najua watoto ni nini. Lakini watu wanatazama nyumba ya mchungaji. Mama mchungaji asiposhika watoto wake, wengine watashika wa kwao kwa nini?"

Fanueli alijibu kitu ambacho Yudith hakukisikia vizuri. Alichosikia ni kwamba hakikuwa kirefu.

Jumapili iliyofuata Yunesi alipoanza kutikisika tu, Yudith alikusanya watoto wake na kutoka nao kwa mlango wa pembeni. Alidhani atakuwa peke yake huko nje. Alipozunguka nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji ya mvua, alikuta akina mama wamekaa chini, kivulini, migongo yao kwenye ukuta. Walikuwa sita au saba, kila mmoja na mtoto wake, na wote walishtuka walipomwona, wakataka kusimama.

"Kaeni," alisema Yudith. "Na mimi nimekuja kukaa."

Walimpisha nafasi. Aliyekuwa karibu naye aliitwa Foibe, msichana tu kwa umri, mwenye pacha wa kiume waliokuwa wanaanza kutambaa. Mumewe Foibe alikuwa mlinzi kwenye shamba la mkonge, na Jumapili kwake ilikuwa siku ya kazi kama nyingine.

"Wewe huja huku kila mara?" Yudith alimwuliza.

"Tangu hawa wazaliwe, mama. Ndani tunaingia sadaka ikianza, tunatoa, tunatoka."

"Na neno mnalisikia?"

Foibe alicheka kidogo, akaupiga ukuta kwa kiganja. Ulikuwa ukuta wa mawe, mnene, wa kanisa la zamani. "Nyimbo tunazisikia," alisema.

Basi Yudith akawa mmoja wao. Mwanzo aliona haya, kila Jumapili akijiambia kwamba wiki ijayo atajaribu tena kukaa ndani. Baadaye haya ikaisha, na hilo lilimtisha kuliko haya yenyewe. Kule nyuma kulikuwa na raha. Watoto walichezea mchanga, akina mama waliongea taratibu habari za homa za watoto na bei ya unga, na hakuna aliyemtazama kama mke wa mtu. Nyumbani, wakati wa chakula cha mchana, Fanueli alizoea kumwuliza, "Neno limekuwaje leo?" Naye akazoea kujibu, "Zuri." Siku moja, akipakua ugali, aligundua kwamba hajui mumewe amehubiri nini tangu kabla ya Krismasi, na kwamba amemdanganya kila wiki bila hata kusita.

Fanueli alijua kwamba mkewe hutoka. Hakujua kwamba harudi. Angelijua vipi, na macho yake yalikuwa hayapiti upande ule?

Mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya wanawake, siku ambayo ibada yote huongozwa na akina mama, Mama Consolata alimjia Yudith jikoni.

"Mwaka huu mahubiri tumekupa wewe."

"Mama, mimi sijasoma theolojia."

"Na mimi sijasoma, nilihubiri mwaka juzi na hakuna aliyekufa." Mama Consolata alichukua kinu akakikalia. "Usinikatalie, mwanangu. Watu wanakuona unapita na watoto tu. Hawajawahi kusikia sauti yako."

Yudith alimwambia Fanueli usiku ule ule, akitegemea kwamba atapata sababu ya kukataa. "Watoto watashikwa na nani?"

"Na mimi."

"Wote watatu?"

"Ni wanangu, Mama Amosi. Siku hiyo sina kazi nyingine, nimekaa tu."

Alimweleza habari za muhogo. Alimweleza kwamba Yunesi akianza kusugua sikio ni usingizi, na akiwa kimya sana ni hatari. Fanueli alitabasamu na kuitikia, kama anayeelekezwa njia ambayo tayari anaijua.

Siku ilipofika, Yudith alivaa sare ya kitenge kama akina mama wenzake, akaketi upande wa madhabahu kwenye kiti cha mchungaji. Kutoka pale aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: nyuso. Miaka yote alikuwa akiwapa watu mgongo. Aliwaona wakulima waliotoka mbali na viatu vyenye udongo mwekundu, wasichana wa kwaya, Mzee Zabron na fimbo yake safu ya tatu. Na pale mbele, kwenye benchi lake, alikaa mumewe katika shati lenye kola nyeupe ya kichungaji, Tito magotini, Amosi na Yunesi ubavuni, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa.

Nyimbo mbili zilipita salama. Wakati wa maungamo Amosi alikuwa ameshateremka chini ya benchi. Somo la kwanza likisomwa, Tito aliikamata kola ya baba yake, akaing'oa na kuitia mdomoni. Yudith aliangalia mikono yake mwenyewe. Alijua kwamba akitazama tena atainuka aende kumsaidia.

Alipopanda mimbari, alianza vizuri. Neno alilopangiwa lilihusu kungoja, na alikuwa amelizungusha kichwani wiki nzima akifua na kupika. Alisema sentensi zake za kwanza akitazama mwisho wa kanisa, mlangoni, ambako hakuna mtu wa kumchanganya.

"Mama," ilisema sauti ya Yunesi.

Aliendelea.

"Mama, mimi niko hapa."

Maneno yaliyofuata aliyasema bila kujua ameyasema vipi. Alikuwa na hakika kwamba akishusha macho hata kidogo, mahubiri yote yatamwagika, na kwa hiyo hakushusha. Mtoto wake alimwita mara ya tatu na hakumjibu. Ndipo ikamjia, katikati ya sentensi, kwamba hivi ndivyo ilivyo kusimama hapa. Miezi yote ile alikuwa akimhesabia Fanueli kosa la moyo mgumu, kumbe mtu anaweza kukaza shingo kwa sababu moyo wenyewe si mgumu hata kidogo.

Alisikia Tito akilia, akasikia benchi likisukumwa, nyayo za haraka, na mlango wa pembeni. Aliposhusha macho, benchi lilikuwa tupu. Kiatu kimoja cha Amosi kilikuwa kimebaki sakafuni.

Yudith alinyamaza. Watu walidhani anatafuta mstari. Yeye alikuwa akitazama nyuso moja moja, na sasa aliona pengo. Palikuwa na bibi, palikuwa na wasichana, palikuwa na wanawake wa makamo. Wenye watoto wadogo hawakuwepo, hata mmoja. Sikukuu ilikuwa ya wanawake, mhubiri alikuwa mmoja wa wale wa kwenye tangi, na wenzake wote walikuwa upande wa pili wa ukuta wakisikia nyimbo tu.

"Mama Consolata," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Nakuomba uende nyuma ya kanisa, penye tangi. Waambie walioko kule waingie. Nitawangoja."

Mama Consolata alimtazama kidogo, kisha akainuka.

Mzee Zabron naye aliinuka, ameegemea fimbo. "Mama mchungaji, ibada ina utaratibu wake."

"Ni kweli, baba. Lakini sikukuu hii ni ya akina mama, na akina mama wengine wako nje. Nisamehe."

Mzee alisimama kwa muda, akakaa. Kanisa zima lilingoja, wengine wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo. Kisha wakaanza kuingia kwa mlango wa pembeni, mmoja mmoja, wameinamisha vichwa, kanga zimejaa mchanga. Foibe aliingia na pacha wake, mmoja kila ubavu. Wa mwisho alikuwa Fanueli. Tito alikuwa begani, amelowesha shati la baba yake. Yunesi alishikwa mkono. Amosi alitembea na soksi. Mabenchi yalikuwa yamejaa, kwa hiyo walikaa chini, kwenye sakafu mbele ya mimbari, na mchungaji akakaa nao.

Mahubiri hayakuwa mazuri, na Yudith hakujidanganya baadaye. Pacha mmoja alipanda ngazi, mtoto mwingine alitapika, na mara mbili Yudith alilazimika kurudia jambo kwa kuwa halikusikika. Aliyafupisha. Kuna sehemu nzima aliyoiandaa ambayo ilipotea kabisa. Lakini alisema yale aliyoyasema akiwatazama usoni wale waliokaa sakafuni, na nao walimtazama.

Nyumbani hawakuzungumza hadi watoto walipolala mchana. Fanueli alikuwa amekaa kwenye mkeka, bado na lile shati.

"Yule mama wa pacha aliniuliza kule nje leo somo ni lipi," alisema. "Nikamwambia sijui, kwa sababu nilikuwa ninamkimbiza Amosi. Akacheka. Akaniambia, baba mchungaji, sisi sauti yako tunaifahamu, ila ikipita ukutani inabaki mlio tu."

Yudith alimfunika Tito kanga.

"Na wewe umekaa huko muda gani?"

"Tangu siku ya Yunesi pale ngazini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulituomba tuwe kama hatupo, Baba Amosi. Tukawa hatupo."

Alijuta mara tu lilipomtoka, si kwa kuwa si kweli, bali kwa jinsi lilivyomwingia mwenzake. Fanueli aliinamisha kichwa. Nje, kwa jirani, mtu alikuwa akitwanga.

"Siku ile alinivuta kanzu," alisema. "Bado nausikia ule mkono."

"Leo aliniita na mimi. Sikumjibu." Yudith alisogea akakaa karibu naye. "Nilikuwa nadhani kwako ni rahisi."

"Si rahisi."

Katika kikao cha wazee wa kanisa Fanueli alipendekeza spika iwekwe nje, penye tangi, ili neno liwafikie walio kule. Watu walilipenda wazo hilo, maana halimsumbui mtu. Yudith ndiye aliyelikataa, nyumbani, kabla halijapita.

"Spika itawaletea neno, sawa," alimwambia. "Lakini itawaambia pia kwamba mahali pao ni huko huko."

Kikao kilichofuata Fanueli aliomba watoto wakae ndani na mama zao. Mzee Zabron hakutaka, na alipoulizwa sababu, safari hii hakutaja mfano wa nyumba ya mchungaji. Alisema masikio yake yameharibika. Mtoto akilia safu ya nyuma yeye hasikii tena chochote, na kwa umri wake hajui amebakiza Jumapili ngapi. Alilisema wazi, bila kujihurumia.

Yudith alipoelezwa, alikwenda kwa mzee kesho yake, na Tito mgongoni. Aliamkia, akaketi kwenye kigoda. Alimwomba mzee ahamie benchi la mbele, kushoto, lile lililo chini ya mimbari kabisa.

"Lile ni lako," Mzee Zabron alisema.

"Mimi nitakaa nyuma na wenzangu, karibu na mlango. Mtoto akizidi tunatoka, akitulia tunarudi."

Mzee alimtazama mtoto mgongoni, ambaye alikuwa akimtafuna mama yake kilemba. Hakusema ndiyo. Lakini Jumapili iliyofuata alifika mapema, akakaa pale mbele na fimbo yake kati ya magoti, na Mama Consolata akatandika mikeka miwili nyuma, pembeni mwa mlango.

Haikuwa shwari kwa kila mtu. Familia moja ilihamia usharika mwingine, ikisema Maramba pamekuwa soko. Zilikuwepo Jumapili ambazo hata Yudith alitamani kivuli cha tangi, na mara moja moja aliwabeba watoto akaenda huko, akakaa peke yake na kusikiliza nyimbo. Fanueli alianza kuhubiri kwa ufupi zaidi. Aliwatazama watu wa mikekani, mkewe na watoto wake zaidi ya wote, na kweli alipotea, si mara moja. Alisimama, akaomba radhi, akatafuta alipokuwa.

Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa nje wananunua mananasi na kuku waliotolewa sadaka, Foibe alimngoja mchungaji mlangoni. Pacha wake walikuwa wameshajua kutembea na walimshika kanga pande zote mbili.

"Baba mchungaji, shikamoo."

"Marahaba, Foibe."

"Lile ulilosema leo, la mtu kusamehe kabla hajaombwa msamaha. Nimelisikia lote. Mimi sikubaliani nalo."

Fanueli alimkabidhi mwinjilisti Biblia yake. Yudith, aliyekuwa nyuma yao na Yunesi mkononi, aliona mumewe akivua stola taratibu na kuikunja, akaegemea nguzo ya mlango.

"Haya, niambie," alisema.

Foibe alianza kueleza, na ilionekana hataeleza kwa ufupi. Yudith alimwita Amosi, akampandisha Tito mgongoni vizuri, akatangulia nyumbani kwenda kubandika maharage.